Chupa ya Annapurna

Ketaki alikaa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya shule, na kabla hujaufikia mlango wake ulikutana na harufu yake ngazini: karafuu, kafuri, waridi, na kitu kingine kinachofanana na udongo wa mvua ya kwanza. Mandakini alisimama katikati ya ngazi, mkono ukutani, akavuta pumzi. Si harufu iliyomsimamisha. Ni magoti, na mgongo, na ule uchovu ambao mtu akilala nao huamka akaukuta umekwisha kukaa kitandani unamsubiri.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, na tangu aolewe hakukumbuka jioni hata moja aliyokaa mahali bila kuwaza kilichobaki motoni. Aliyemshawishi kuja ni jirani yake, Shaila. Mwaka uliopita Shaila alipewa sura ya Saraswati, mungu wa kike wa muziki, akarudi nyumbani akanunua kinanda na kuanza kujifunza kuimba, bibi mzima mwenye wajukuu. Kila aliyemsikiliza alimhurumia, lakini mwenyewe alisema amekuwa mtu mwingine. Mandakini hakutaka kuwa mtu mwingine. Alitaka sentensi moja tu itoke mdomoni mwake.

Sentensi yenyewe aliijua kwa moyo: Hemant, mama yenu sasa akae kwenu miezi sita. Maneno ambayo mtoto wa shule angeyasema kwa pumzi moja. Lakini kila alipoyaandaa yalimkwama kooni, na yakitoka yalitoka yakiwa, "Nikuongeze wali kidogo?"

Hemant alikuwa mdogo wa mumewe. Alikaa Pune na mkewe Pradnya, na kila mwaka, siku ya nane ya Navaratri, ile sikukuu ya siku tisa, walikuja Sangli kula poli, mikate myembamba ya dengu tamu, kumgusa mama yao miguu kwa heshima, na kuondoka na zilizobaki ndani ya kopo. Mama mwenyewe, Indumati, ambaye nyumba nzima ilimwita Aai, yaani Mama, aliishi kwa mwanawe mkubwa, maana yake kwa Mandakini. Kwa miaka mitatu sasa akili zilikuwa zikimtoka moja moja, kama wageni wanaoondoka bila kuaga. Alificha vijiko chini ya godoro. Alimwuliza marehemu mumewe kama ameshaoga. Mandakini, aliyekuwa akimwosha, kumvisha na kumlisha, Aai alimwita "yule mwanamke", na siku mbaya alimwuliza kama amelipwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hemant kila akipiga simu alisema Aai anasikika vizuri sana.

Basi Mandakini akamalizia ngazi.

Ndani walikuwa wanawake kama kumi, wameketi kwenye mikeka. Mbele yao zilipangwa chupa tisa juu ya kitambaa cha manjano, na kila chupa imebandikwa picha ya sura moja ya Devi, mungu mkuu wa kike: Durga na simba wake, Lakshmi, Saraswati, Kali, na wengine. Makuhani wangekuwa na neno kuhusu orodha ile, lakini Ketaki hakuwauliza. Kazi ilikuwa nyepesi kuieleza: unafungwa macho kwa mtandio, unanusa chupa zote, na ile ambayo mkono wako unaing'ang'ania, hiyo ndiyo sura inayobisha hodi ndani yako. Unaondoka nayo, siku tisa za Navaratri unajipaka, unaongea nayo, na yenyewe inakubadilisha.

"Kichwa kinadanganya, mdomo unadanganya," alisema Ketaki. "Pua haijui kudanganya."

Alikuwa mdogo kwa Mandakini kwa miaka ishirini hivi. Zamani aliuza bima. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri, na Mandakini alimwamini kwa sababu hiyo zaidi kuliko kwa maneno yake.

Lakini Mandakini hakuja kubahatisha. Alikuja kumchukua Kali. Ulimi nje, upanga mkononi, shada la vichwa shingoni. Huyo ndiye wa kumtuma kwa Hemant. Alikwisha kumdodosa Shaila, akaambiwa chupa ya Kali inanuka kafuri na kitu kichungu. Kwa hiyo alipofungwa mtandio alinusa harakaharaka kama mtu anayetafuta ufunguo wake kwenye rundo, hii siyo, hii siyo, hadi mkono wake ukasimama. Haikuwa kafuri. Ilikuwa harufu ya moto mdogo, tangawizi, karafuu, na juu yake ajwaini, zile mbegu ndogo kali ambazo kila nyumba inazo kwa ajili ya tumbo. Alitaka kuisukuma chupa ile pembeni, lakini vidole vikaifunga.

Ketaki akamfungua macho. Kwenye chupa alikuwa ameketi Annapurna, mungu wa kike wa chakula, mwiko mkononi.

"Inakufaa kabisa, Mandatai," mmoja wa wanawake akasema, akimwita tai, yaani dada, kwa heshima. "Sangli nzima nani asiyezijua poli zako?"

Wengine wakacheka kwa upendo. Mandakini alitamani kulia.

"Nibadilishie," akamwambia Ketaki.

"Hazibadilishwi, tai."

"Hata sari dukani zinabadilishwa. Nimetoka jikoni, nimepanda ngazi, nimefungwa macho kama ng'ombe wa kinu, ili niambiwe nirudi jikoni?"

Ketaki hakucheka. Alisubiri wengine wapate chupa zao na kuanza kuongea wao kwa wao, kisha akaja kuketi karibu naye.

"Hadithi yake unaijua?"

"Mama yangu alinilaza nayo."

"Nisimulie."

"Shiva alimwambia mkewe dunia yote ni ndoto, hata chakula ni ndoto. Mkewe akasema haya, akaondoka. Njaa ikaingia. Mwishowe Shiva mwenyewe akaja mji wa Kashi na bakuli lake, akamkuta mkewe amefungua jiko, akamwomba. Akampakulia."

"Umeona? Kila mtu anaukumbuka mwisho. Picha zote zinachora mwisho, mwiko na bakuli. Hakuna anayechora zile siku ambazo jiko lilikuwa limefungwa."

Mandakini alilitazama lile jambo. Alilisikia maisha yake yote na kweli hakuwahi kuliona. Lakini alikuwa amechoka mno kufurahi.

"Mimi nikifunga jiko, Ketaki, atakayekufa njaa si Shiva. Ni kizee wa miaka themanini na ushee asiyejua leo ni siku gani."

Ketaki aliisogeza ile chupa karibu naye. "Nyayo, tai," akasema. "Jipake kwenye nyayo kila jioni, ufumbe macho, umwulize anataka nini."

Shida ilianza nyumbani, na ni shida ambayo Ketaki angepaswa kuiona tangu mwanzo kama si kusoma vitabu vingi kuliko kuishi na watu. Chupa ilikuwa na picha ya Devi. Chupa yenye picha ya Devi haiwekwi sakafuni, haiwekwi bafuni, haiwekwi karibu na viatu. Na yaliyomo ndani, kwa haki, ni yake. Sasa utampakaje Devi kwenye nyayo zilizopasuka, tena nyayo zilizotoka kukanyaga maji ya choo cha mgonjwa? Mandakini alikaa ukingoni mwa kitanda na chupa mkononi, mguu mmoja juu ya goti, akashindwa. Akaenda kuiweka rafuni pa ibada, kando ya Annapurna wake mwingine, ile sanamu ndogo ya shaba aliyopewa na mama yake siku ya harusi, kama kila bibi harusi wa kwao anavyopewa, isimame juu ya mchele nyumbani kwa mumewe maisha yake yote.

Akawa anainusa tu. Jioni, baada ya kutia mafuta kwenye taa ya Navaratri, alifungua kifuniko, akavuta pumzi, akafunga.

Siku ya tatu ndipo pua ilipomwambia ilichokuwa ikijua tangu mwanzo. Ajwaini ni harufu ya chumba cha mzazi. Alipomzaa mwanawe Ninad, ambaye sasa ni mwanamume mwenye ndevu huko Bengaluru, alijifungulia kwa mama yake, na mama yake aliweka jiko la makaa chini ya kitanda cha kamba, akatupa mbegu za ajwaini, moshi ukampanda mgongoni. Alikandwa, akafungwa tumbo, akalishwa wali laini na samli kwa mkono wa mama yake. Mwezi na robo hakuingia jikoni. Mzazi haingii jikoni. Hata bibi mkali kuliko wote anajua hivyo.

Mtoto wa pili alizaliwa hapa hapa Sangli, mama yake Mandakini akiwa amekwisha kufa. Msichana. Alizaliwa kimya, akabaki kimya. Na moshi wa ajwaini huwashwa kwa ajili ya mama na mtoto. Mtoto akikosekana, nani ataukumbuka? Siku ya nne, wageni wa Diwali wakiwa sebuleni, Aai aliita kutoka jikoni: "Manda, unga nani atakanda?" Mandakini akaamka, maziwa yamelowanisha blauzi yake, akakanda. Tangu siku ile hapakuwa na mtu aliyelitaja, yeye akiwa wa kwanza kutolitaja.

Akaifunga ile chupa akaikaza, asiifungue tena. Kama hiyo ndiyo sura iliyokuwa inabisha hodi, ingebisha hadi ichoke.

Siku zikaenda kama zinavyokwenda siku za Navaratri kwa mwanamke wa nyumba: amefunga, hali nafaka, na kutwa nzima anawapikia wasiofunga. Na kuna taa. Taa ile ikishawashwa mbele ya chungu kinachomsimamia Devi haizimwi siku zote tisa, na nyumba yenye taa ile haifungwi ikaachwa bila mtu. Kwa Mandakini hiyo haikuwa taabu mpya. Nyumba yake haikuwahi kufungwa ikaachwa bila mtu, na mtu mwenyewe alikuwa yeye.

Siku ya nane aliianza kabla ya jua, akichemsha dengu. Saa tatu akamwita mumewe. Shrirang alikuwa mstaafu wa idara ya maji, mtu mwema, hana ubaya hata wa kuku, na hana msaada hata wa kuku. Mandakini, kama wanawake wa rika lake, hakuwahi kumwita kwa jina.

"Sikia," akamwambia. "Leo mikono yangu ina unga. Kazi yako ni taa. Taa tu."

"Taa tu," Shrirang akakubali.

"Ikizimika usije kuniambia. Toka tu nyumbani, uende moja kwa moja hadi mtoni."

Mgeni njoo mwenyeji apone. Hayo husemwa na watu ambao hawajawahi kuwa wenyeji. Hemant na Pradnya walifika kabla ya saa sita, mikono mitupu na nyuso zenye furaha. Pradnya alimgusa Mandakini miguu, akasema mgongo umemuua kwa safari, akajilaza kwenye kiti kirefu chini ya feni. Hemant alikwenda moja kwa moja mlango wa jikoni, akaegemea.

"Vahini," akasema, kama wanavyomwita mke wa kaka, "tangu jana sijala, naziwaza poli zako. Nimemchungulia Aai. Amelala kama mtoto. Tena amenenepa. Wewe ndiye Annapurna wetu, nakwambia, tusingekuwa na wewe sijui tungefanyaje."

Hapo hapo, mti wa kusukumia poli mkononi, Mandakini akaona kwamba ndiyo saa yenyewe. Hapakuwa na mtu mwingine. Hemant alikuwa anatabasamu.

"Hemant," akasema. "Mama yenu sasa..."

"Sasa?"

"Sasa..." Alimtazama yule mwanamume wa miaka hamsini, ambaye alimkuta hapa akiwa kijana anayesoma, akamfulia mashati. "Sasa hivi ndiyo kwanza amepata usingizi. Msimwamshe."

"Hatumwamshi," Hemant akasema, akachomoa kipande cha poli kwenye sahani akaenda zake.

Mandakini akarudi kwenye unga. Alijichukia. Hakumchukia Hemant, wala Pradnya, wala kizee aliyelala; alijichukia yeye na ulimi wake uliozoea kupakua. Bandu bandu huisha gogo, na alijua kwamba gogo ni yeye, na kwamba shoka lilikuwa mkononi mwake mwenyewe miaka yote. Machozi yakaingia kwenye unga. Akaukanda hivyo hivyo.

Sebuleni, Shrirang alikuwa akiilinda taa kwa uaminifu kama askari wa benki. Aliuona ule utambi ukianza kutapatapa. Akachukua kopo la mafuta ya ufuta, akalipindua. Halikuwa na hata tone. Hapo kawaida yake ilikuwa kuita. Lakini aliambiwa mikono ya mkewe ina unga, na kwa mara ya kwanza katika ndoa ile aliamua kutomsumbua. Akaangaza macho rafuni. Kando ya Annapurna mdogo wa shaba palikuwa na chupa, imejaa mafuta, na juu yake picha ya Devi mwenyewe. Mafuta ya ibada ni yapi zaidi ya hayo? Akafungua, akamimina karibu yote. Mwali ukanyanyuka, ukatoa moshi kidogo, ukatulia. Shrirang akajisikia mtu.

Harufu ilikwenda taratibu. Ilipita sebuleni, ambako Pradnya aliuliza kama kuna mtu anaumwa tumbo. Ikaingia barazani. Ikapenya chini ya mlango wa chumba cha nyuma.

Aai akatoka.

Kwa muda mrefu alikuwa akitembea kwa kushika kuta. Sasa alitoka wima, nywele nyeupe zimemwangukia mabegani, sari imefungwa nusu, na pua mbele. Akasimama katikati ya sebule.

"Nani amejifungua?" akauliza.

Wakatazamana.

"Hakuna, Aai," Hemant akasema, akiinama kumgusa miguu. "Ni mimi. Hemant, wa Pune."

Aai akampita kama mtu anavyokipita kiti. Akafuata harufu, akaikosa, akaipata, akafika mlango wa jikoni. Mandakini alikuwa amesimama mbele ya kikaango cha moto, jasho limeilowanisha blauzi kifuani, macho mekundu. Kizee akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, na hakumtazama kama yule mwanamke wa kulipwa.

"We binti. Nani amekuruhusu kusimama?"

"Aai, napika. Wageni..."

"Mzazi anapika?" Akamnyang'anya mti wa kusukumia. Mkono wake mkavu ulikuwa na nguvu ya ajabu. "Umejifungua juzi, damu bado mbichi, unasimama kwenye moto? Watu watasema nyumba hii haina mkubwa. Twende."

Akamkokota. Mandakini angeweza kujinasua kwa kidole kimoja. Alikwisha kumbeba huyu kizee mara nyingi kama mzigo wa nguo. Hakujinasua. Akakokotwa kupita sebuleni mbele ya macho ya wote, hadi chumba cha nyuma, akalazwa kwenye kitanda cha Aai mwenyewe na kufunikwa hadi kidevuni na shuka lenye joto la usingizi wa mwenzie.

"Nyie mnakodoa nini?" Aai akawaambia waliojazana mlangoni. "Wali laini. Samli ya kutosha, chumvi kidogo. Pilipili msitie."

"Aai," Pradnya akasema kwa upole, "Vahini amefunga. Wali hali."

"Mzazi hafungi. Wewe umetoka kwao nani, hujui hilo?"

Pradnya akarudi nyuma hatua moja. Hemant akacheka, akapitisha kichwa juu ya bega la kaka yake. "Usijali, Vahini. Subiri dakika tano, atasahau, kisha uamke. Kwani poli zimebaki ngapi za kusukuma?"

Mandakini alikuwa akitazama dari. Palikuwa na ufa pale uliofanana na mto wenye vijito, na katika miaka yote ya kukisafisha kile chumba hakuwahi kuuona, kwa sababu hakuwahi kulala chali ndani yake. Dakika tano. Zamani alipewa siku tatu, na siku ya nne akaamka. Akasubiri mwili uamke wenyewe kama ulivyozoea. Haukuamka.

"Aai amesema mzazi haingii jikoni," akasema.

"Ndiyo, nimesikia," Hemant akaendelea kucheka.

"Mimi sicheki, Hemant. Mwezi na robo sitii mguu jikoni. Mtajua wenyewe mtakavyofanya, kaka yako, wewe na mkeo. Na ukiisha, mama yenu anakuja kukaa kwenu miezi sita."

Ilitoka. Ilitoka bila upanga na bila ulimi nje, ikiwa imelala chali, kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Hakuna aliyecheka tena. Pradnya alitazama mikono yake. Hemant alifungua mdomo, akamtazama kaka yake kama mtu anayemtazama hakimu, na hapo mlangoni Shrirang alikuwa amesimama na ile chupa tupu mkononi, uso umemshuka. Alikuwa mtu wa kuchelewa, lakini hakuwa mjinga. Alikuwepo siku ile ya nne. Alikuwa sebuleni na wageni.

"Mchele uko wapi?" akauliza.

Mandakini aliendelea kutazama dari.

Shrirang akaiweka chupa kitandani, akamshika mdogo wake mkono, wakaenda jikoni wote wawili, na mara ikasikika milango ya makabati ikifunguliwa na kufungwa, mmoja baada ya mwingine.

Aai alikuwa ameketi miguuni pa kitanda. Akaiona chupa. Picha ya Devi haikumshughulisha. Aliitikisa, akapindulia kiganjani matone yaliyobaki, akasugua viganja vikapata joto, kisha akafunua shuka, akaushika mguu wa mkwewe. Mandakini akashtuka, akauvuta. Mama mkwe hashiki miguu ya mkwe; hilo halijawahi kuonekana.

"Tulia," Aai akasema. "Uchovu wa uzazi unakaa nyayoni. Usipoutoa sasa utakaa miaka."

Akasugua. Kisigino, upinde, kidole kimoja kimoja, na kwenye mipasuko akapita polepole zaidi. Mandakini alilia bila sauti. Na huyu ndiye niliyetoka kumfukuza, aliwaza, na ikamchoma. Lakini hakuirudisha sentensi yake. Maneno yalikuwa ya kweli, na mikono hii nayo ilikuwa ya kweli, na yeye hakuwa na nguvu ya kuvipatanisha.

Wali ulikuja, tena umeungua chini na kulowa juu, umeletwa na Shrirang katika sahani ya chuma, kidole kikiwa na alama ya moto. Aliiweka akatoka. Aai akauonja, akakunja uso, akautia samli zaidi, akauponda kwa vidole mpaka ukalainika. Akafinya tonge dogo, la kipimo cha mdomo wa mgonjwa. Kisha akasita, tonge hewani, akaangaza pembeni mwa kitanda, chini ya kitanda, kwenye kona.

"Mtoto yuko wapi?"

Mandakini angeweza kusema amelala. Angeweza kusema yuko Bengaluru. Kila siku alimdanganya huyu kizee kwa wema, kwamba mumewe yuko sokoni, kwamba kesho ni sikukuu.

"Hayupo, Aai."

"Hayupo?"

"Alikuwa msichana. Hakulia."

Kizee alikaa na jambo lile. Huenda alikumbuka, huenda hakukumbuka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia habari kwa mara ya kwanza, na anaisikia vizuri. Jikoni kitu kikaanguka, Hemant akamlaumu kaka yake. Taa ya sebuleni iliendelea kunukia.

"Hayupo," Aai akasema. "Lakini wewe upo. Mzazi ni mzazi." Akasogeza tonge. "Fungua mdomo."

Mandakini akafungua mdomo.